Ramani ya Michelin namba 337: tulivyolifuata bonde la Lot kwa mstari wa kijani na uzi wa kushonea

Kitu ninachokisifia hapa ni karatasi. Nililipa yuro 8 na senti kadhaa kwenye duka la vitabu hapa Toulouse, na ukiacha mikate, hakuna tulichonunua kwa bei ndogo zaidi safari nzima. Ni ramani ya Michelin namba 337, inayoonyesha mikoa miwili ya kusini-magharibi mwa Ufaransa, Lot na Tarn-et-Garonne. Gari la kukodi lilikula pesa, vyumba vya kulala vilikula pesa, na mafuta usiseme. Lakini kama ningeambiwa nirudishe kimojawapo, ramani ningeing'ang'ania.

Mama alikuja mwezi wa tano, mara yake ya kwanza Ulaya, na mimi kazini nilipewa siku tatu tu, Ijumaa hadi Jumapili. Alishanionya kwenye simu kabla hajapanda ndege: Paris hataki, maghorofa ameyaona Dar, yeye anataka mto. Mama alifundisha Jiografia sekondari Tanga miaka thelathini na kidogo. Mpaka leo wanaume wazima wenye vitambi wanamsimamisha Ngamiani, "Shikamoo Mwalimu," halafu wanaficha sigara. Ukimtajia mto, anataka kujua unaanzia wapi, unakwenda kumwaga wapi, na njiani unakula kingo gani.

Mimi nilifanya kama wanavyofanya watu wote. Nikafungua simu, nikaandika Toulouse, nikaandika Cahors. Simu ikanipa barabara ya kulipia, A62 halafu A20, mstari wa bluu umenyooka kama rula. Nikajaribu kuilazimisha tupite kandokando ya mto. Kila nikiuvuta ule mstari unarudi ulikotoka kama lastiki. Mama akachungulia nyuma ya bega langu. "Skeli yake ngapi?" Nikamwambia haina skeli moja, ukigusa inakua, ukigusa inapungua. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Basi hiyo ni sawa na mtu wa kituoni anayekuelekeza. Ramani ni kitu kingine, mwanangu."

Kesho yake nikarudi na 337.

Tukaitandaza kwenye meza ya kulia, ikaifunika yote na kuning'inia pembeni, chupa ya chai pembe hii, kopo la sukari pembe ile. Mama hakuangalia hata mji mmoja. Alianza na ufunguo wa ramani kama alivyowalazimisha wanafunzi wake: jina la ramani, skeli, ufunguo, ndipo uruhusiwe kuweka kidole juu ya karatasi. "Moja kwa laki moja na nusu," akasoma. Amezoea zile za mtihani, moja kwa elfu hamsini, kwa hiyo alikunja uso kidogo kabla ya kukubali. "Sentimita moja, kilomita moja na nusu. Haya."

Barabara kubwa nyekundu, za kati njano, vijinjia vyeupe. Hayo aliyapita haraka. Akasimama kwenye kitu kimoja. "Na hii kijani inayokwenda pembeni mwa barabara?" Nikamsomea maelezo: ni alama ya barabara yenye mandhari ya kuvutia. Akanitazama kuona kama namtania. Miaka yote aliyofundisha, alisema, ameonyesha watoto kwenye ramani misitu, mabwawa, mashamba ya mkonge, reli, hata makaburi, lakini ramani inayokuambia pazuri ni wapi hajawahi kuiona.

Hapo ndipo penye thamani ya hizo yuro 8. Simu inajua njia ya haraka na njia fupi. Uzuri haumo kwenye hesabu zake. Ukiishika ramani hii mbali kidogo, mkono umenyooka, ile kijani inajichora yenyewe: inafuata mto Lot kutoka Cahors kwenda mashariki, inaingia kwenye bonde la Célé, mto mdogo unaomwaga maji yake ndani ya Lot, na huko juu kaskazini inapatana na mto Dordogne. Safari ilikuwa imeshapangwa kabla hatujaongea.

Ila Mama alitaka na huko kaskazini. Aliona Rocamadour, kijiji kilichobandikwa kwenye genge, halafu akaona Padirac, shimo ambalo unashuka mita 103 mpaka kwenye mto unaopita chini ya ardhi. Mtu aliyezaliwa karibu na mapango ya Amboni ukimwonyesha shimo kama hilo umemchokoza. Akafungua kijaluba chake cha kushonea, akakata uzi mweusi. Nilijua kinachofuata, maana nimekifanya kidato cha pili nikiwa na mama huyo huyo mbele ya ubao. Unalowesha uzi kwa ulimi. Unaulaza juu ya barabara, unaubana kwa ukucha kila penye kona, unageuza, unabana tena. Kisha unauinua bila kuachia ncha, unaunyoosha kwenye mstari wa skeli. Bonde la Célé peke yake, kutoka Figeac hadi unapokutana na Lot pale Conduché, lilitoa sentimita 30. Kilomita 45. Nikamwonyesha kwamba tarakimu za umbali zimeshaandikwa kando ya barabara, unajumlisha tu. Akajumlisha. Zikapishana na uzi kwa kilomita moja. Akasema uzi haukosei.

Kwa barabara za namna ile, akasema, tuhesabu kilomita 30 kwa saa pamoja na kusimama, tusidanganywe na vibao vya mwendo. Tukijumlisha na Rocamadour na Padirac, siku tatu hazitoshi, labda tusilale. Tukaziacha. Namshukuru, kwa sababu hiyo hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko ya simu: zile kilomita 45 za Célé tulizimaliza kwa saa tano.

Ijumaa tukaondoka. Gari niliagiza la otomatiki. Kampuni, ambayo sitaitaja, ikanipa la gia, na kijana wa kaunta akainua mabega. Mama akaingia upande wa kulia, akakaa, akanyoosha mikono, akakosa usukani. Huku dereva yuko kushoto. Siku tatu nzima alikaa kwenye kiti ambacho maisha yake yote ni cha dereva, ramani mapajani, na kila kona mguu wake wa kulia ulikanyaga breki isiyokuwepo.

Mpaka Cahors tulipita barabara kuu, hakuna cha kusimulia. Mji wenyewe umekaa ndani ya mkunjo wa Lot, maji pande tatu, na kwenye karatasi unaonekana kama pochi iliyofungwa mdomo. Tulisimama kwenye daraja la Valentré, la karne ya 14, lenye minara mitatu. Wenyeji wana hadithi kwamba fundi wake alifanya mkataba na shetani amsaidie ujenzi, roho iwe malipo, na kazi ilipokaribia kwisha akamtuma awachotee mafundi maji kwa chujio. Shetani akashindwa, akawa kila usiku anakuja kung'oa jiwe la mnara wa kati. Mwaka 1879, wakati wa ukarabati, msanifu Paul Gout akaweka juu ya mnara ule sanamu ya kishetani kinavuta jiwe. Mama alikiona kabla yangu. "Angempa pakacha," akasema, akaendelea kula ndizi.

Cahors ukitoka, ukishafika Vers, ndipo barabara ya D662 inaanza kuikumbatia Lot, na kijani nayo iko pembeni. Hapa ramani na dirisha vinakuwa kitu kimoja. Mto unajipinda kama nyoka aliyekanyagwa. Upande wa nje wa kila kona kuna genge la chokaa la kijivu na rangi ya kutu, upande wa ndani mashamba yaliyolala tambarare. "Unaona? Unakula huku, unatapika kule." Alilisema hilo kwenye kona ya kwanza na ya pili, na kona ya kumi nilikuwa nalisema naye. Karibu na Bouziès mwamba unaning'inia juu ya barabara kiasi kwamba niliinamisha kichwa ndani ya gari. Tulilala Cajarc, mji mdogo ambao kila Oktoba wana sikukuu ya zafarani. Ndiyo, zafarani hii hii ya biriani. Inalimwa huko juu kwenye nyanda, na Mama alipoona inavyouzwa kwa nusu gramu ndani ya kichupa, alikirudisha mezani kwa mikono miwili kama yai.

Jumamosi asubuhi tulipitia Figeac, siku ya soko, tukanunua jibini na mkate, tukashika D41 kushuka na Célé. Kama una siku moja tu, nenda hapo. Barabara ni nyembamba, mto uko jirani kiasi cha kusikika, na vijiji, Espagnac, Brengues, Marcilhac, kila kimoja kimejificha nyuma ya kona yake kama mtoto anayecheza. Kwenye genge utaona kuta zimejengwa ndani ya matundu ya mwamba. Ni maficho ya zamani za vita. Magari yalikuwa machache. Mwezi wa saba na wa nane naambiwa ni foleni, kwa hiyo nenda wa tano au wa tisa.

Baada ya Marcilhac nikafanya kosa. Mama alisinzia, mimi nikaisikiliza simu. Ikaniambia kata kushoto, njia ya mkato. Tukapanda kijinjia cheupe, kona juu ya kona, mpaka tukatokea juu kwenye uwanda mkavu wanaouita causse: mawe, mialoni mifupi iliyodumaa, kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo. Mtandao ukakata. Njia ikaishia ndani ya ua wa mkulima. Mbele ya gari walisimama kondoo kama ishirini, weupe, kila mmoja na mabaka meusi yanayozunguka macho na masikio meusi, ungedhani wote wamevaa miwani ya jua. Ni aina ya kondoo wa hukohuko. Walitutazama. Mama akazinduka, akawatazama na yeye. Hakuuliza tumefikaje. Alifungua ramani, akatafuta Marcilhac, akafuata kwa kidole kile kijinjia cheupe mpaka kilipoisha, akasema, "Tuko hapa. Rudi mtoni, fuata kijani, na hicho kisimu kiweke kwenye mkoba."

Kuna alama nyingine niliyoizoea siku hiyo. Kwenye miinuko wamechora vimshale juu ya barabara, ncha ikielekea kunakopanda: kimoja ni mwinuko wa asilimia 5 hadi 9, viwili ni 9 hadi 13, vitatu ni zaidi ya 13. Kwa mwenye gari la gia dogo kama letu hiyo ni habari ya maana. Mama alikuwa anaita kabla hatujafika, "Viwili vinakuja, shusha gia sasa hivi," na mimi nashusha. Ukishapanda Mombo kwenda Lushoto kwenye basi lililojaa, hakuna barabara ya huku itakayokutisha, lakini kujua mapema kunaokoa klachi.

Mambo ambayo ramani yoyote haikuambii nayasema hapa ili usije ukailaumu karatasi. Vijijini, pasipo na kibao, gari linalotoka kulia kwako linapita kwanza, hata kama wewe uko kwenye barabara nzuri na lenyewe linachomoka uchochoroni. Ukiona kibao cha almasi ya njano ujue haki ni yako. Chakula cha mchana ni kati ya saa 6 na saa 8. Tulifika sehemu moja saa 8 na robo, jiko limefungwa, na mwenyewe alitupa pole bila kutupa hata kipande cha mkate. Tukala chapati za jana na mayai ya kuchemsha juu ya ukuta wa kanisa. Eneo zima hilo chakula chake kikuu ni bata, na Mama hali nyama ambayo hakujua imechinjwaje, hivyo tuliishi kwa kimanda, samaki wa mtoni, na vile vijibini vya mbuzi vya Rocamadour, vidogo kama kifuniko cha chupa ya asali. Hakulalamika. Keki yao ya jozi, ile njugu yenye umbo la ubongo, aliomba mara mbili. Mafuta jaza Cahors au Figeac. Jumapili sheli nyingi hazina mtu, mashine inataka kadi ya benki.

Kituo chetu cha mwisho Jumamosi kilikuwa pango la Pech Merle, juu ya kijiji cha Cabrerets. Hapa lazima ukate nafasi mapema, kwa sababu wanaingiza watu 700 tu kwa siku. Ndani ni baridi, na unaona michoro yenyewe halisi, wakati kule Lascaux watalii wanaonyeshwa nakala tangu pango lilipofungwa mwaka 1963. Kuna farasi wawili wenye madoadoa, wa miaka kama 29,000, na kuwazunguka kuna alama za viganja: mtu aliweka mkono ukutani akaupulizia rangi. Mama aliinua mkono wake hewani, mbali na ukuta, akaupima na ule. Ulikuwa unalingana. Tulipotoka akanikumbusha michoro ya Kondoa, kwamba aliwapeleka wanafunzi mara moja tu, lori likaharibika Babati, na wazazi wakamsema mwaka mzima. Kisha akanyamaza mpaka chakula cha usiku.

Jumapili tuliamka gizani. Kutoka Bouziès kuna D40 inayopanda kuelekea Saint-Cirq-Lapopie, na ramani imeweka juu yake alama ya miale, yaani simama hapa uangalie. Tukasimama. Chini kabisa Lot ilikuwa imefunikwa na ukungu mweupe, na mbele yetu kijiji kimekaa ukingoni mwa genge, kama mita 100 juu ya maji, mapaa yake ya kahawia yakianza kupata jua. Tulikuwa peke yetu. Saa mbili baadaye mabasi ya watalii yalikuwa yanagombania maegesho, na sisi tulikuwa tunashuka. Kabla ya hapo tulikuwa tumetembea kidogo ile njia ya kuvutia mashua iliyochongwa ndani ya mwamba karne ya 19, kando ya maji, dari yake chini kiasi kwamba mtu mrefu anainama. Watu walipita hapo na kamba mabegani wakivuta mashua za mizigo. Mama aligusa dari njia nzima.

Tukamalizia kwenye gulio la Jumapili pale Limogne, halafu nyumbani.

Hukumu yangu: nunua. Kwa siku tatu hadi tano katika mabonde ya Lot na Célé, karatasi hii moja inatosha. Ukitaka kuifuata Dordogne mpaka Bergerac, ongeza namba 329. Simu usiitupe, ndani ya miji na kwenye kutafuta maegesho inasaidia. Lakini kama dereva ni mmoja na hakuna wa kukaa pembeni, sijui nikushauri nini, maana karatasi inataka mtu wa kuishika. Karatasi ni karatasi vilevile: upepo ukiivamia nje ya gari mnaishika watu wawili, na siku ya pili mikunjo ilishaanza kulegea kwa sababu kila mara niliikunja kinyume. Maandishi ni madogo. Mama alitumia miwani na wakati mwingine kioo cha kukuzia alichokuja nacho toka Tanga, ambacho mimi nilimcheka alipokipakia.

Ramani yenyewe sinayo tena. Nilipomrudisha uwanja wa ndege sikujua, ila nilipofungua droo haikuwepo. Wiki iliyofuata akanitumia picha: imelazwa juu ya meza yake Chumbageni, kioo juu yake, na kando kikaratasi cha mwandiko wa ubaoni, *Usiweke kikombe*. Mimi nimeshanunua 338, ya Aveyron na Tarn, kwa ajili ya mwakani. Nilimpigia kumwambia. Aliuliza kama skeli ni ileile. Nikamwambia ileile. Akasema safari hii atakuja na uzi mrefu.